Kukitia Wi-Fi kisomaji cha zamani: kadi, chipu ya kulehemu, kituo cha pembeni au waya tu?

Ami yangu aliachiwa kisomaji, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, na mgeni aliyekuwa amepanga Shela, hapa Lamu. Ni Sony PRS-505: mwili wa aluminiamu, kioo cha wino wa kielektroniki cha inchi 6, nukta 800 kwa 600, hakina mwanga wake wala hakiguswi kwa kidole, ni vitufe tu. Ukikaa nacho barazani saa sita ya mchana, jua likiwa utosini, maandishi yanatulia kama yaliyopigwa chapa karatasini, na simu ya jirani wakati huo imekuwa kioo cha kujitazamia. Ami akakipenda siku hiyohiyo.

Ila hakina Wi-Fi. Kila akitaka kitabu kipya ilibidi aje mpaka kwangu Langoni, anikute sina wateja wa simu, nimchomekee kwenye kompyuta. Akachoka. "Mwanangu," aliniambia, "simu yangu yapata kila kitu hewani. Hiki kwani ni kiziwi?"

Nikamjibu kwa kiburi cha mafundi: "Ami, nitakitia masikio."

Kazi hiyo ilinilia visomaji vitatu na kioo kimoja. Sasa kila mwenye kisomaji cha aina hii huja kuniuliza njia ipi bora, na jibu hutegemea kisomaji chenyewe na mwenye nacho. Nimeziweka njia zote mezani hapa, zile nilizojaribu na ile niliyoikataa kabla ya kuanza. (Watu wa hapa kila kisomaji hukiita Kindle, hata kikiwa Sony au Kobo. Mimi nitasema kisomaji, na Kindle nitaitaja nikikusudia Kindle.)

Daftari moja, waandishi wawili

Nilipoanza nilidhani ugumu uko kwenye mawimbi: antena, umbali, nywila. Sivyo. Chipu ya Wi-Fi siku hizi ni ndogo kama ukucha wa dole gumba na bei yake ni mia chache za shilingi. Ugumu uko kwenye ghala la vitabu.

Kila memori kadi, na kila memori ya ndani, ina daftari lake linaloeleza faili gani imekaa wapi. Kisomaji kikiwaka hulisoma daftari hilo, hukaa na nakala yake kichwani, kisha huendelea na maisha yake kikiamini kwamba hakuna mwingine anayeligusa. Sasa wewe umeleta mlango wa pili, kitabu kinaingia kwa mawimbi na kuandikwa kwenye daftari lilelile. Kisomaji hakina habari. Afadhali kikikosa kukiona kitabu chako basi. Balaa ni pale kinapotaka kuhifadhi alama ya ukurasa ulioishia, kikaandika daftari kwa nakala yake ya zamani juu ya ile mpya. Mafahali wawili zizi moja. Mimi niliwahi kufungua kadi ya vitabu zaidi ya arobaini nikakuta majina yamegeuka mikwaju na vibendera.

Kwa hiyo katika kila njia hapa chini, swali langu la kwanza huwa: nani anaandika kwenye daftari, na mwenzake anajuaje? Kasi na bei huja baadaye.

Na kabla ya hapo, jiulize unaitakia nini hiyo Wi-Fi. Wengi wanaonijia wanataka kupokea vitabu tu kutoka kwenye simu yao. Hilo halihitaji intaneti kabisa, linahitaji vifaa viwili vilivyokaa meza moja vizungumze. Mwenye kutaka kuperuzi mtandao kwenye wino wa kielektroniki, wenye kioo kinachopepesa jeusi kila ukurasa ukibadilika, huyo namwambia atumie simu yake.

Kadi ya SD yenye Wi-Fi ndani

Hii ndiyo njia ya kwanza kwa mtu asiyetaka kushika bisibisi, mradi kisomaji chake kiwe na tundu la SD kubwa. PRS-505 inalo, PRS-600 na PRS-650 zinalo pia. PRS-350, ile ndogo ya mfukoni, haina tundu lolote, na vya microSD havihusiki hapa.

Kadi niliyotumia ni FlashAir ya Toshiba. Ilibuniwa kwa ajili ya kamera, ili mpiga picha avute picha zake kwenye simu bila kutoa kadi. Ndani yake mna kompyuta ndogo kabisa inayofungua hotspoti yake, na ukijiunga nayo unaikuta kwenye anwani 192.168.0.1. Ilivyotoka kiwandani inakuruhusu kutoa faili tu. Ili ipokee, unafungua folda iliyofichwa iitwayo SD_WLAN, ndani yake mna faili CONFIG, unaongeza mstari UPLOAD=1. Kuanzia toleo la W-03 ipo pia WEBDAV=2, na hapo kadi inaonekana kwenye simu kama folda ya kawaida, unaburuta kitabu unakidondosha ndani. Nywila ya kiwandani ni 12345678. Ibadilishe siku hiyohiyo, maana barazani pana vijana wenye mikono mirefu.

Mara ya kwanza kuona kitabu kimetoka kwenye simu kikaingia kwenye kisomaji kisicho na Wi-Fi, nilicheka peke yangu. Kisha nikafungua orodha ya vitabu. Hakimo. Kilikuwa kwenye kadi, ila kisomaji kilikuwa bado kinasoma nakala yake ya zamani.

Dawa ni kuitoa kadi na kuirudisha, ama kuzima kisomaji kabisa na kukiwasha. Na kabla ya kutuma, ipe kadi amri ya WRITEPROTECT, ambayo inamzuia mwenye tundu (yaani kisomaji) kuandika mpaka umeme ukatwe na kurudi. Fahali mmoja umemfunga kamba wakati mwenzake anakunywa. Sony hizi huandika orodha ya vitabu na alama za kurasa kwenye kadi yenyewe, kwa hiyo amri hii usiifanye ya hiari. Vile vibendera vyangu vilitoka hapa.

Mambo mengine mawili kuhusu kadi. Mwili wa aluminiamu wa 505 unaifukia kadi kama kisanduku. Nikiwa chumba kimoja nacho, mawimbi safi. Nikitoka ukumbini, ukuta wa mawe ya matumbawe ukiwa kati yetu, hola. Kwa kutuma vitabu haina neno, mtu hukaa karibu na kisomaji chake, lakini usitarajie kukiacha juu darini ukakitumia kitabu kutoka chini. La pili ni betri. Wino wa kielektroniki hula umeme pale tu ukurasa unapogeuka, ndiyo maana kisomaji hukaa wiki bila kuchajiwa. Kadi inayotangaza hotspoti hailali. FlashAir, ukiiacha na mpangilio wake, hujizima baada ya dakika 5 bila mtu. Usiongeze muda huo kwa uvivu wa kuiwasha tena.

Ubaya mkubwa wa kadi hii ni upatikanaji. Biashara ya memori ya Toshiba ilibadili jina ikawa Kioxia mwezi Oktoba 2019, na FlashAir hazitengenezwi tena. Utapata iliyotumika kutoka kwa watu wa kamera. Muuzaji akikupa Eye-Fi badala yake, mshukuru umrudishie: hizo zilijengwa kupeleka picha nje ya kamera, kitabu hazikipokei, na za zamani zilikatwa msaada mwaka 2016.

Chipu ya ESP iliyolehemewa ndani

Hii ndiyo ambayo vijana wote huitaka, na mimi niliitaka kuliko wote.

ESP8266 ni chipu ya Espressif, kampuni ya Shanghai. Ilianza kushikwa na wabunifu wa nyumbani mwaka 2014, na ESP32 ikafuata 2016. Wazo ni rahisi. Ndani ya kisomaji mara nyingi waundaji huacha vidoa vitatu vya shaba kwenye bodi, navyo ni laini ya siriali waliyotumia wao wenyewe kukikagua kiwandani: kimoja cha kutuma, kimoja cha kupokea, kimoja cha ardhi. Unalehemu chipu hapo, chipu inashika Wi-Fi, na kila kinachokuja kwa mawimbi kinapita kwenye waya mpaka ndani ya kisomaji.

Uzuri wake nauanza, kwa sababu ni mkubwa. Anayeandika kwenye daftari hapa ni kisomaji chenyewe. Chipu inabeba tu, kama hamali wa gatini anavyokushushia mzigo mlangoni na kukuachia uupange mwenyewe. Hakuna fahali wa pili. Tatizo lililonisumbua kwenye kadi halipo.

Sasa gharama.

Ya kwanza ni kukifungua. Kioo cha wino wa kielektroniki katika visomaji vingi kimejengwa juu ya bamba la kioo halisi, jembamba, na kimegandishwa kwenye fremu. Kisomaji changu cha kwanza cha majaribio nilikikunja kiasi cha unene wa shilingi nikijaribu kubandua mgongo. Sikusikia hata mlio. Nilipokiwasha, nusu ya ukurasa ilikuwepo na nusu ni michirizi iliyosimama wima, na michirizi hiyo haiondoki hata ukizima, kwa sababu wino huu hubaki ulivyokuwa. Mpaka leo kiko rafuni kwangu kikionyesha nusu ya ukurasa wa kumi na saba. Tumia kadi ya plastiki, si bisibisi, pasha gundi joto kwa kikausha nywele, na uanze upande wenye vitufe.

Ya pili ni volti. Pima kabla ya kugusa. Kisomaji kikiwa kimewaka na kimetulia, kidoa cha kutuma kitasimama kwenye volti ya bodi: ikiwa 3.3, ESP inaelewana nacho moja kwa moja. Ikiwa 1.8, na zipo bodi nyingi za hivyo, ESP yako ya 3.3 inaweza kuunguza pini ya prosesa, na hapo umemaliza kazi. Unahitaji kigeuza volti katikati.

Ya tatu ilinipotezea wiki nzima. Betri ya kisomaji ikijaa huwa volti 4.2 na hushuka taratibu. ESP inataka kati ya 3.0 na 3.6. Nikachukua regyuleta (kipunguza volti) ya AMS1117, ile ambayo kila fundi anayo kwenye kopo, nikalehemu. Ikafanya kazi vizuri asubuhi. Jioni chipu inajiwasha na kujizima, inajiwasha na kujizima. Nikabadilisha chipu. Nikabadilisha waya. Kumbe AMS1117 hudai ziada ya takriban volti moja juu ya ile inayoitoa: betri ikifika 3.9, yenyewe inatoa 2.8 hivi, na ESP inapotaka kutuma, ambapo huvuta zaidi ya miliampia 300 kwa mpigo, inaanguka. Unataka regyuleta isiyodai ziada kubwa, yenye uwezo wa mpigo huo, na kapasita nene ya mikrofaradi 470 pembeni yake. Na usiibe umeme kutoka kwenye laini ya 3.3 ya kisomaji chenyewe. Haikupimwa kwa mgeni mlafi, kisomaji ndicho kitakachojizima.

Ya nne ni kasi. Laini hii ya siriali kwa kawaida huenda biti 115,200 kwa sekunde, na kila baiti hula biti kumi, basi ni baiti 11,520 kwa sekunde. EPUB, faili ya kawaida ya kitabu cha kielektroniki, ya kilobaiti 600 itaingia kwa karibu dakika moja. Nzuri. PDF iliyopigwa skani, ya megabaiti 30, itachukua dakika 45. Ukijua kwamba nusu ya vitabu vya dini na vya shule vinavyozunguka kwenye simu zetu ni PDF za skani, hesabu hii inakuamulia mengi.

Ya tano ni ulaji. ESP8266 ikiwa hewani hula miliampia 80 hivi. Betri ya miliampia-saa 800 itakwisha kwa saa kumi, wakati kisomaji chenyewe kilikuwa kinakaa wiki. Lazima uweke swichi inayoikata kabisa. Mimi nilitoboa tundu pembeni ya vitufe nikaweka ya kutelezesha.

Na juu ya yote hayo, mwisho wa waya lazima awepo mtu wa kupokea. Ukiunganisha siriali na kisomaji kikakuomba jina na nywila usiyoijua, una bomba lenye maji upande mmoja tu. Kisomaji changu cha pili, cha plastiki, kisicho na jina kubwa, kilinipa mlango wa Linux, mfumo unaokiendesha, bila kuuliza kitu, ni bahati. 505 ya ami sikuithubutu kabisa: aluminiamu ingeifunika antena, na ami angenifunika mimi.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo jingine. Chumvi haiachi kitu. Kiungo ulichokilehemu ukaacha utandu wa dawa ya risasi juu yake, hapa Lamu kitaota kijani kabla hujakisahau. Kisugue kwa spiriti na mswaki wa meno, kikauke, kisha kipake rangi ya kucha isiyo na rangi. Dada yangu hajanisamehe ile chupa.

Dongo ya USB: hapana

Hii naipitia haraka. Watu husema, chomeka dongo ya Wi-Fi (kile kidude kidogo kama flashi) kwenye tundu la USB la kisomaji. Tundu hilo kwa kawaida limejengwa kuwa mtumwa wa kompyuta, si bwana wa dongo. Hata ukikuta kisomaji kinachoweza kuwa bwana, utatafuta volti 5 kutoka kwenye betri ya 3.7, na draiva iliyojengwa kwa toleo lilelile la Linux la miaka mingi iliyopita lililomo ndani. Nimeona waliofaulu kwenye visomaji vya Android. Lakini vya Android karibu vyote vina Wi-Fi tayari, kwa hiyo sijui walikuwa wanatafuta nini. Uwezo, labda.

Kituo cha pembeni: Raspberry Pi Zero W

Njia hii haikifungui kisomaji wala haikiingizi kitu. Unanunua Raspberry Pi Zero W, kompyuta ndogo ya bodi moja (ilitoka Februari 2017 kwa dola 10, na ndugu yake Zero 2 W akafuata Oktoba 2021 kwa dola 15, duka la Nairobi litakuongezea la kwake, na mzigo una safari ya basi hadi Mokowe na boti juu yake). Unaiweka karibu na chaja. Kisomaji unakichomeka kwake kwa kebo ya USB, kama ungekichomeka kwenye kompyuta. Simu inaongea na Pi kwa Wi-Fi, Pi inaandika kwenye kisomaji kwa waya.

Hapa daftari lina adabu zake. Kisomaji kikichomekwa kwenye USB huacha kulishika ghala, hukukabidhi. Ukimaliza na kulitoa salama, hulisoma upya na vitabu vipya vinaonekana. Zizi moja, zamu mbili. Hakuna kuzima na kuwasha, hakuna amri ya kufunga. Na kisomaji kinachajiwa wakati huohuo, basi mpe Pi chaja nzuri ya ampia 2, si ile ya zamani ya simu ya vitufe.

Ndani ya Pi mimi nimeweka calibre, programu ya kupanga vitabu vya kielektroniki, na seva yake inafunguka kwenye mlango wa mtandao namba 8080. Watu wa kisomaji cha Sony wana undugu na programu hii wasioujua: Kovid Goyal aliianza mwaka 2006 ikiitwa libprs500, kwa sababu Sony PRS-500 yake haikuwa na programu ya Linux. Kabla haijawa programu ya kila mtu ilikuwa ya kisomaji kimoja, kaka mkubwa wa hiki cha ami.

Wa kufaidi zaidi kwa njia hii si mtu mmoja. Mwalimu mmoja anayefundisha watoto jioni ana visomaji sita vya msaada, vya aina tatu tofauti, hakuna hata kimoja chenye Wi-Fi. Kutafuta FlashAir sita ni ndoto na kulehemu bodi sita ni wazimu. Pi moja mezani, kebo mbili za aina mbili, na kila mtoto kwa zamu yake. Kasoro ni kwamba Wi-Fi hiyo inabaki mezani. Ukiwa safarini Kiwayu, huna kitu.

Kebo ya OTG

Najua hujaja hapa kusoma habari za waya. Vumilia.

Simu nyingi za Android zina uwezo wa kuwa bwana wa USB. Kebo ya OTG ya bei ya sahani ya pilau inafanya simu ikione kisomaji kama flashi. 505 ina tundu la mini-USB, lile nene la zamani, kwa hiyo utahitaji kebo ya upande huo. Unachomeka, unafungua programu ya faili, unanakili kitabu kutoka kwenye folda ya vilivyopakuliwa, unatoa salama, unachomoa. PDF ya megabaiti 30 ambayo kwa siriali ingekula dakika 45, hapa nimesubiri chini ya dakika. Daftari liko salama kwa sababu ileile ya Pi.

Kuna simu zinazolalamika kwamba kisomaji kinavuta umeme mwingi, maana kinajaribu kujichaji kutoka kwa simu. Kijaze kwanza, na malalamiko hupungua.

Wateja wangu kumi wakiniuliza, saba nawauzia kebo hii. Hainiletei faida ya maana na huniharibia raha ya kulehemu.

Kukiuza ukanunua chenye Wi-Fi

Hesabu nyingine ya haki. Kindle zina Wi-Fi tangu ile ya tatu ya mwaka 2010. Mwaka 2011 zikaja Kobo Touch, Nook Simple Touch na Sony PRS-T1, zote na Wi-Fi. Kilichotumika cha aina hizi, chenye kioo kizima, mara nyingi ni nafuu kuliko FlashAir na posta yake.

Lakini angalia. Zote hizi za zamani zinasikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu: hotspoti ya simu mpya ikiwa imewekwa gigahezi 5, kisomaji hakitaiona kabisa na wewe utadhani umeuziwa kibovu. Tovuti nyingi za leo huzikataa kwa sababu vyeti vya usalama vilivyomo ndani ya visomaji hivi vimepitwa. Ukinunua Kindle kwa mtu, asimame mbele yako aiondoe kwenye akaunti yake. Send to Kindle inapokea EPUB tangu 2022, hilo ni jema, ila Februari 2025 Amazon iliondoa uwezo wa kupakua vitabu ulivyonunua kwao kuja kwenye kompyuta. Mimi kwa hela yangu nachukua Kobo, naiweka KOReader, programu huru ya kusomea, na inaongea na calibre kwa Wi-Fi bila kuomba ruhusa ya duka lolote.

Anayesoma kila siku na ana pesa kidogo, aende huko. Mwenye Sony yenye tundu la SD na akaipata FlashAir kwa bei ya kawaida, na ni mtu wa kukumbuka kufunga kabla ya kutuma, atafurahi. Msahaulifu nitamnyima. Darasa au nyumba yenye visomaji vingi, Pi. Mwenye kutaka kujifunza kulehemu, na kisomaji chake hata kikifa hatanuniwa na mtu, achukue ESP na asianze na cha ami yake.

Ami nilimpa vyote viwili: FlashAir ndani ya tundu, na kebo ya OTG kwenye kifuko chake cha tambuu. Nikamwelekeza hotspoti, nikamwandikia hatua za kufunga na kufungua kwa kalamu nyuma ya bahasha. Wiki iliyofuata nilimkuta barazani, kebo imechomekwa kwenye simu, kitabu kinaingia.

"Na ile Wi-Fi, ami?"

"Yafanya kazi, mwanangu. Lakini hebu nioneshe," akasema bila kuinua macho, "huzimwa wapi?"